Gari Limekataa Kuongea na Mashine? Muulize Aliyekata Waya

Leo tukunje mikono ya nguo, maana tunaingia chini ya dashibodi.

Ndugu mmoja wa Kampene, kule Pangi mkoani Maniema, ananiandikia akiniita yaya, yaani mkubwa wake, nami nimeitika. Alinunua Toyota ndogo iliyotoka Japani ikapitia bandari ya Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia. Fundi akauhamishia kushoto. Gari likawaka, likatembea, akalipa. Baadaye taa ya injini ikawaka na kugoma kuzimika, na kila mashine ya kupimia inayochomekwa inasema haioni gari. Fundi wa pili amemwambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, atume dola Bukavu aletewe nyingine. Je, atume?

Usitume, mdogo wangu. Angalau usitume leo.

Fikiri hivi: gari lako linawaka na linatembea. Ni nani anayeiambia pua ya petroli ifunguke na plagi ipige cheche? Ni hiyo hiyo kontroli boksi. Maiti haiendeshi injini. Inaweza kuwa na kasoro fulani ndani, hilo silikatai, lakini kabla ya kuihukumu lazima ujue kama njia ya kuisemesha ipo. Na njia hiyo, kwa gari lililohamishwa usukani, ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Tanzania, Kenya na Uganda upande wa kushoto. Magari ya Japani yanakuja usukani ukiwa kulia, na wengi hawataki kuuacha huko. Kuhamisha usukani si kuhamisha mduara tu. Pedali zinahama, dashibodi inageuzwa, na mafungu ya waya yaliyokatwa kiwandani kwa urefu kamili yanajikuta mafupi kwa upana mzima wa gari. Fundi anakata na kuunga, na katika kuunga huko anatanguliza vinavyoonekana: taa, honi, waipa, swichi ya kuwashia. Soketi ya kupimia haimuhusu mtu siku hiyo. Inaning'inia chini ya usukani, haiwashi kitu, haipigi kelele. Miezi inapita ndipo mtu anaikumbuka.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, jiulize kama gari lenyewe lina cha kusema. Land Cruiser nyingi za injini ya 1HZ, zile za dizeli zinazopendwa kwenye barabara zenu, zina pampu isiyotegemea kompyuta, kwa hiyo usimlaumu mtu mashine ikikaa kimya. Tena, soketi kuwa na matundu 16 si ushahidi tosha. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kupimia kwa magari ya modeli ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli 2001. Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe miaka hiyo ya 1990 unaweza kuzikuta na soketi ya umbo lile lile, ila zinazungumza namna yao, na vile vimashine vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu havizielewi. Muulize aliyekuuzia kama gari liliwahi kupimwa kabla ya usukani kuhama. Kisha chomeka mashine yako kwenye gari la jirani. Ikikataa na huko, mgonjwa ni mashine.

Sasa lala chali, washa tochi. Soketi ni pana juu, nyembamba chini. Ukiitazama usoni, upande mpana ukiwa juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Hapo ndipo wengi wanapopotea: ukiigeuza kutazama nyuma, waya zinakoingilia, hesabu inapinduka. Tundu 1 sasa liko kulia. Fundi aliyezichomoa waya akazirudisha kwa kufuata mchoro wa usoni huku anatazama mgongoni anaweza kuwa amepeleka umeme wa betri mahali pasipostahili. Hesabu ukiwa usoni, tia alama ya rangi, ndipo ugeuze. Chungulia pia vile vibati vidogo ndani ya matundu. Kilichorudi nyuma au kutanuka hakigusi pini ya mashine, na hili hutokea sana baada ya mtu kupima kwa kuchomeka msumari au sindano nene.

Kama mashine haiwaki hata kitaa, tatizo ni chakula. Tundu 16 ni chanya ya betri moja kwa moja, hata ufunguo ukiwa umetolewa. 4 ni masi ya bodi, ile ambayo mafundi wa Dar wanaiita ethi. 5 ni masi ya mawasiliano. Anza na fyuzi. Mara nyingi fyuzi ya soketi hii inalisha pia kitu kingine, kama vile taa ya ndani au kiberiti cha sigara, na aliyefunga redio kubwa au chombo cha kufuatilia gari hupenda kuvutia umeme hapo hapo. Usitosheke na multimita kukuonyesha volti 12. Waya uliobaki uzi mmoja utaionyesha hiyo 12 bila aibu, kisha ianguke mara tu mashine inapotaka kula. Chukua balbu ndogo yenye waya mbili, gusisha mmoja 16 na mwingine 4. Ikiwaka kwa nguvu, chakula kipo. Ikiwaka kwa unyonge, hamishia ule mguu wa masi kwenye hasi ya betri yenyewe. Ikichangamka, masi ya soketi ndiyo mbovu, na huenda fundi aliisahau boliti yake upande wa kulia. Balbu hiyo ni ya 16, 4 na 5 peke yake. Usiipeleke kwenye matundu mengine, unaweza kuunguza kitu ambacho kilikuwa kizima.

Mashine ikiwaka lakini haioni gari, na ufunguo umeuwasha, nenda 6 na 14. Kompyuta za magari ya kisasa husemeshana kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo uliobuniwa na Bosch na kutangazwa 1986. Marekani iliufanya wa lazima kwenye soketi hii kwa magari ya 2008. Toa hasi ya betri, subiri dakika chache, weka multimita kwenye omu, pima kati ya 6 na 14. Kwa magari mengi jibu zuri ni karibu na omu 60, kwa kuwa kila mwisho wa zile waya kuna kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo vinafanya kazi sambamba. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana mahali, na mara nyingi ni ndani ya tepu nyeusi uliyouziwa kama kazi safi. Kipimo kisiposogea kabisa, ama waya hazifiki kwenye soketi, ama gari lako ni la kizazi cha nyuma kinachotumia tundu 7. Hapo rudisha betri, washa ufunguo, pima 7 na masi: waya mzima ukitulia huonyesha volti zinazokaribia zile za betri. Volkswagen za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina kituko chao: waya huo huo unapita kwenye plagi ya redio, hivyo ukifunga redio ya dukani inaweza kuuziba na gari zima likawa bubu. Ukichomoa redio, linaanza kusema.

Sehemu ya kuunga waya nataka niikazie. Kusokota kwa vidole na kuvika tepu hakufai kwa mvua za Maniema. Unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, na mawasiliano yanakuja na kuondoka. Lehemu, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto. Kama umeme wa kuwashia chuma cha kulehemu haupo, mafundi redio hukipasha kwenye jiko la makaa na kazi inakwenda. (Na mniruhusu nicheke kidogo: lehemu ina bati, na bati ndilo hilo linalotoka kwenye kasiterite ya Kalima na Kampene. Linachimbwa kwenu, mnalinunua dukani likiwa limeviringishwa kwenye kibobo.) Zile waya mbili za 6 na 14 zinapoongezwa urefu, ziongezwe sawa, zisokotwe tena mpaka karibu kabisa na maungio, wala usiziunge mahali pamoja, acha nafasi ya vidole vichache kati ya ungio na ungio zisije zikasuguana.

Waya za njano, au zilizovikwa ganda la njano, usiziguse kwa balbu wala multimita. Ni za mfuko wa hewa, na unaweza kukulipukia usoni. Toyota wenyewe wanataka hasi ya betri itolewe na mtu asubiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kukaribia. Mimi gari lililohamishwa usukani mtaani silitegemei mfuko wake wa hewa hata taa yake ikizimika vizuri. Funga mkanda.

Nikurudie, ndugu yangu wa Kampene. Mrudie yule fundi wa kwanza kabla ya kumsikiliza wa pili. Usiende na hasira, nenda na soda. Yeye ndiye anayekumbuka alikata wapi, na pengine ataweka kidole kwenye ungio kabla hujamaliza kueleza. Ukishapima yote niliyosema na njia ikaonekana nzima, ndipo tuzungumze kuhusu kontroli boksi. Hata hapo uliza kwanza kama gari lako lina ufunguo wenye chipu, kwa sababu boksi iliyotumika kwenye gari lingine mara nyingi haiutambui ufunguo wako, na utakuwa umenunua gari lisilowaka kabisa badala ya lisilopimika.

Wengine mnaotaka kuniandikia kuhusu magari, nitajieni aina ya injini, mwaka, usukani ulikuwa upande gani lilipofika, na kitu gani cha umeme kilifungwa mwisho. Na picha ya soketi, tafadhali: moja usoni, moja mgongoni.