Frankenstein si Jina la Zimwi

Bila shaka umewahi kumsikia mtu akiitwa "Frankenstein" kwa sababu ya urefu wake au paji lake la uso. Hapa shuleni yuko mmoja. Ni wa Kidato cha Kwanza, na jina hilo tulimpa sisi wa Kidato cha Tatu juma lake la kwanza, kabla hata hajajua maktaba iko wapi. Katika makala haya nataka kueleza kosa lililomo katika jina hilo, na kwa nini sinema ya mwaka wa 1931 ingali inawashika watu hadi leo.

Tuanze na kitabu. Riwaya ya Frankenstein ilitungwa na Mwingereza Mary Shelley, ikachapishwa London mwaka wa 1818. Alianza kuiandika mwaka wa 1816 akiwa na umri wa miaka 18, yaani rika letu hasa. (Mnaolia kwamba insha ya kurasa mbili ni adhabu, mpo?) Humo, Frankenstein ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeunda kiumbe na kukitia uhai. Kiumbe kinapofumbua macho, muundaji anashtushwa na ubaya wa sura yake, anakimbia. Hata jina hakukipa. Kumbe basi Frankenstein ni yule aliyeunda, wala si aliyeundwa!

Sinema ilitengenezwa na kampuni ya Universal huko Marekani, mwongozaji akiwa James Whale. Zimwi liliigizwa na Boris Karloff, Mwingereza wa miaka 43 ambaye wakati huo hakuwa na sifa kubwa. Fundi wa kupamba nyuso, Jack Pierce, alimshughulikia kwa saa nyingi kila siku. Alimpaka nta kwenye kope ili macho yawe mazito kama ya mtu asiyeamka vizuri. Karloff naye alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Majina ya waigizaji yanapoonyeshwa mwanzoni, mahali pa mwigizaji wa zimwi pamewekwa alama ya kuuliza tu.

Tulipoonyeshwa sinema hiyo bwaloni Jumamosi moja, mwanzoni ilikuwa ni vicheko. Haina rangi, na waigizaji wengine wanasema kana kwamba wanahutubia mkutano wa hadhara. Halafu zimwi likainua mikono kuelekea mwanga wa jua, likijaribu kuushika. Vicheko vikapungua. Akaja Fritz, msaidizi wa bwana mkubwa, akaanza kulitesa kwa mwenge. Hapo hakuna aliyecheka.

Katika ngano zetu, zimwi humeza kijiji kizima. Hatuulizi mama yake ni nani. Linapopasuliwa tumbo na watu wakatoka wazima, tunapiga makofi, tunalala. Zimwi la Karloff halituachi tulale hivyo, kwa kuwa tumeliona likizaliwa, likiogopa, likipigwa, na ndipo likaua.

Ipo sehemu moja ya kando ya ziwa. Kitoto kiitwacho Maria hakiliogopi. Kinalipa maua, wanayarusha majini na kuyatazama yakielea. Zimwi linatabasamu. Maua yanapokwisha, linambeba mtoto na kumrusha, likidhani naye ataelea. Anazama. Wakaguzi wa sinema waliikata sehemu hiyo, na kwa miaka mingi watazamaji waliona zimwi likinyoosha mikono, kisha baba akitembea na maiti ya mwanawe. Waliokata walitaka kupunguza ubaya, lakini mtazamaji aliyenyimwa kuona alijiwazia mabaya zaidi. Kipande hicho kilirudishwa katika miaka ya 1980, na sasa tunaona kwamba lile tendo halikuwa la ukatili.

Lakini wacha niseme pale ambapo sikubaliani na sinema yenyewe. Inasema kwamba Fritz aliangusha ubongo mzuri akaiba ubongo wa mhalifu. Hilo halimo kwa Mary Shelley, na naona linaharibu. Kama uovu ulikuwa ubongoni tangu mwanzo, basi aliyelikimbia na aliyelichoma kwa mwenge wote hawana lawama. Na sisi tulioona yote kwa macho yetu tunajua wanayo.

Yule kijana wa Kidato cha Kwanza alikuwa ameketi mbele. Wenzangu walimwita kwa jina lile mara mbili tatu, wakachoka. Tulipokuwa tukirudisha mabenchi, alinijia akaniuliza kama zimwi lilikuwa na jina.

"Halikuwa nalo," nikamjibu.

"Na mimi je, unalijua langu?"

Nilikuwa silijui.