Kompyuta Inawaka Lakini Sehemu ya Nywila Haitokei: Fanya Hivi

Umewasha kompyuta, nembo ya kampuni imetokea, kisha skrini imebaki nyeusi. Sehemu ya kuandika nywila, yaani neno la siri la kuingilia, haionekani. Kama wewe ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Ruangwa na msimu wa korosho umeanza, au mwalimu wa Nachingwea mwenye mitihani ya kuchapa, lazima utashtuka. Tulia kwanza. Mara nyingi kilichokwama ni programu ya kuonyesha picha tu. Kazi zako bado zimo. Hatua za kujaribu mwenyewe hazigharimu hata shilingi.

Je, mashine yenyewe ni nzima? Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kompyuta inafanya kazi, tatizo liko kwenye picha. Kama ni ya mezani, hakikisha skrini ina umeme na waya wake umekaza pande zote mbili. Kama ni laptopu, ongeza mwanga. Kisha izime, chomoa chaja, flashi na printa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, uiwashe tena.

Bado nyeusi, na unatumia Windows? Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo unaianzisha upya draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na skrini. Ikishindikana, washa, na nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu, hadi ukurasa wa matengenezo utokee. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, chagua "Uninstall Updates". Kama sivyo, jaribu "System Restore", ambayo hurudisha mipangilio ya zamani bila kugusa nyaraka zako. Usichague "Reset this PC", kwa sababu inaweza kufuta vitu vyako. Ukiombwa namba ya BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows, yenye tarakimu 48, itafute kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kusajili kompyuta hiyo.

Na anayetumia Ubuntu? Bonyeza Ctrl, Alt na F3. Utaona ukurasa wa maandishi matupu. Andika jina lako la kuingilia, kisha nywila. Herufi zake hazitaonekana unapoandika, na hiyo ni kawaida. Andika df -h ubonyeze Enter. Mstari unaoishia na alama / ukionyesha 100%, diski imejaa, na ukurasa wa kuingilia unaweza kukwama kwa sababu hiyo. Andika sudo apt clean kupunguza mzigo. Kama umeme ulikatika katikati ya sasisho, andika sudo dpkg --configure -a ili limalizike. Mwisho andika sudo reboot, kompyuta ijiwashe upya.

Nimpelekee nani ikigoma? Kompyuta ya shule au zahanati ya serikali, toa taarifa kwanza kwa kitengo cha TEHAMA cha halmashauri yako. Ya kwako binafsi, anza na fundi wa mjini Nachingwea au Ruangwa kabla ya kutumia nauli ya Masasi, Lindi au Mtwara. Patana bei kabla hajafungua kitu. Akisema dawa ni kupiga Windows upya, mwambie anakili kwanza nyaraka zako kwenye diski nyingine, nawe uzifungue uone kwa macho yako. Mara nyingi diski inaweza kutolewa na kusomwa na kompyuta nyingine, hata kama skrini haionyeshi kitu.

Nitajikinga vipi? Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, betri inayokupa dakika chache za kuizima vizuri umeme ukikatika. Usianze sasisho umeme unaposumbua. Na kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, nakili kazi za wiki kwenye flashi na uitunze mbali na kompyuta.