Mazutu ya njia ya Pweto yanaenda wapi?

USALAMA NA AFYA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, na ninyi vijana wa shule: chukueni kalamu na karatasi. Leo tutapiga hesabu ndogo.

Toka Lubumbashi hadi Pweto, kwa kupitia upande wa Kasomeno na Kilwa, ni zaidi ya kilometa 400. Pamoja na kukwepa mashimo na kuzunguka matope, tuseme motokari itatembea kilometa 450. Motokari yenyewe ni Land Cruiser ya kazi tunayoijua sote, yenye moteri ya mazutu ya silinda sita, na tangi lake ni la lita 90. Shofere wa kwanza anatumia lita 13 kwa kila kilometa 100. Akifika Pweto amemaliza lita 58 na nusu, na tangini zimebaki zaidi ya lita 31. Shofere wa pili ana motokari ya namna ile ile, njia ile ile, lakini anatumia lita 18 kwa kila kilometa 100. Yeye amemaliza lita 81. Zimebaki lita 9, na hizo zitampeleka kilometa 50 tu.

Sasa fikiri kwamba daraja limekatika na wote wawili wanatakiwa kurudi nyuma na kuzunguka. Au wanafika Pweto usiku na kukuta mama mjamzito anayehitaji kupelekwa hospitali mara moja. Shofere wa kwanza anaweza kuondoka. Wa pili ataanza kugonga milango ya watu akitafuta bidoni.

Ndiyo sababu jambo la mazutu limeingia katika ukurasa wa usalama. Bei nayo inauma, maana mazutu yanafika kwetu Katanga kwa malori toka nchi za jirani, na kadiri unavyokwenda mbali na mji ndivyo yanavyozidi kuwa ghali. Lakini bei tutamwachia mwenye duka.

PIMA KWANZA

Usiseme "motokari yangu inakunywa sana" kabla hujapima. Jaza tangi mpaka juu, andika namba ya kilometa. Tembea siku zako za kawaida. Jaza tena mpaka pale pale, andika ni lita ngapi zimeingia. Ukiwa umetembea kilometa 300 na zimeingia lita 42, gawanya 42 kwa 300, kisha zidisha kwa 100: unapata lita 14 kwa kilometa 100. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukushikia daftari hilo, na atalipenda kuliko hesabu za ubaoni.

Angalizo moja: ukivalisha motokari pine kubwa kuliko zile za kiwandani, mita ya kilometa inakudanganya. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini mita haijui. Utadhani motokari imekuwa mlafi kuliko ilivyo kweli.

Lita 12 hadi 15 kwa kilometa 100 si jambo la kushangaza kwa motokari nzito ya namna hii. Zikipita hapo, tafuta sababu.

MWENDO

Sababu ya kwanza ni mguu wako wa kulia. Land Cruiser ina uso wa sanduku. Inapokwenda inabidi isukume hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ina ukaidi wa ajabu: ukiongeza mwendo kidogo, yenyewe inaongeza ubishi mwingi. Toka kilometa 80 kwa saa hadi 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya hewa ya kukuzuia imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Moteri inailipa kwa mazutu.

Na hesabu hiyo hiyo ndiyo ya breki. Nguvu iliyomo ndani ya motokari inayokimbia nayo inaongezeka kwa zaidi ya nusu toka 80 hadi 100, na breki zako lazima ziimalize yote kabla ya kumfikia yule mtoto mwenye baiskeli. Hewa na breki zinafuata kanuni moja, hata kama shofere hataki.

Mwaka 1973 nchi za Waarabu zilipokata mafuta, Wamarekani walipatwa na shida kubwa. Mwanzoni mwa 1974 rais wao Nixon alitia sahihi sheria ya kuzuia mwendo usizidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilometa 88. Kusudi lilikuwa kuokoa mafuta. Lakini walipohesabu ajali za mwaka huo, watu waliokufa barabarani walikuwa pungufu kwa karibu 9,000 kuliko mwaka uliotangulia. Ni kweli kwamba mwaka huo watu walisafiri kidogo, na sehemu ya upungufu ilitoka hapo. Lakini mwendo mdogo nao ulikuwa na mkono wake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995.

Kwenye udongo mwekundu wetu, 80 yenyewe ni nyingi. Kati ya kwenda 60 na kwenda 80, katika kilometa 100 unapata dakika 25 tu. Kila unapokimbia kisha ukakanyaga breki mbele ya shimo, mazutu yaliyokupa ule mwendo yamegeuka kuwa joto kwenye breki. Hayarudi tangini. Shofere anayetazama mbali, anayeachia mguu mapema na kulifikia shimo polepole, ndiye anayefika na mazutu, na abiria wake wa nyuma hawashuki wakishika viuno.

PINE NA MAPAFU

Pine yenye hewa pungufu inajikunja ubavuni kila inapozunguka. Kujikunja huko kunaleta joto. Joto hilo limetoka wapi? Limetoka tangini. Na joto likizidi, pine inapasuka, mara nyingi wakati motokari imejaa watu na inakwenda mbio. Kwa hiyo pima hewa asubuhi, pine zikiwa baridi, na ufuate kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango; usifuate mazoea ya kwado wa kona. Pine za nyuma zinahitaji hewa nyingi zaidi ukiwa na mzigo. Ukipunguza hewa ili kutoka kwenye mchanga au tope, ni sawa, ila ijaze tena kabla ya kushika mwendo.

Sasa filtri ya hewa. Watu wa mgodi hawahitaji kufundishwa ubaya wa vumbi. Tunajua linavyofanya katika mapafu ya mtu, ndiyo maana tunavaa maski. Moteri nayo ina mapafu, na maski yake ni filtri. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,200, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo moteri ya mazutu isiyo na turbo inaanza safari ikiwa na pumzi fupi. Ukiiziba na vumbi la kiangazi, mazutu yanaingia bila hewa ya kuyachoma, nayo yanatoka nyuma kama moshi mweusi. Ukiona moshi huo kwenye kioo, unaona pesa na unaona sumu, na watu wanaotembea kando ya barabara wanaivuta.

Fungua filtri kila baada ya safari ya vumbi. Ukiisafisha kwa hewa ya kompresa, puliza kwa nguvu ndogo toka ndani kwenda nje. Ukipuliza toka nje unapigilia vumbi ndani ya karatasi. Filtri iliyotoboka ni mbaya kuliko filtri iliyoziba, maana inaruhusu mchanga kula moteri. Na vaa kitu mdomoni wakati unapuliza. Nimewaona mafundi wanaosafisha maski ya motokari wakiwa wamesahau ya kwao.

Tena, usifuate motokari nyingine ukiwa ndani ya wingu lake la vumbi. Filtri inajaa kwa saa moja, na wewe huoni lori lililozimika katikati ya njia. Subiri vumbi lishuke.

MZIGO

Hapa nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anajua ila hakuna anayetii. Uzito unakula mazutu hasa kwenye vilima na kila unapoondoka toka kusimama. Mzigo wa juu ya paa unakula mara mbili, kwa uzito wake na kwa hewa inayoupiga, na tena unafanya motokari iwe rahisi kupinduka kwenye kona. Magunia ya samaki wa Ziwa Mweru yawekwe chini, yafungwe. Kama kibebeo cha paa hakina kitu, kivue.

Magurudumu manne yavutayo pamoja ni ya tope na mchanga. Ukifika njia ngumu, toa. Katika motokari za aina hii ukiyaacha yamefungwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana yenyewe kwa yenyewe, yanamaliza pine na mazutu, na motokari inakataa kukata kona. Na moteri iliyoachwa inanguruma bila kazi inakunywa karibu lita moja kwa saa. Usiwaache watoto walale ndani huku moteri inawaka, hasa ndani ya garaji: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini.

KUOKOA KUNAKOUA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna mashofere wanaotaka kweli kuokoa mazutu, lakini wanafanya vitu vitatu vya hatari.

Cha kwanza ni kuondoa giya kwenye mteremko, na wengine hata wanazima moteri. Wanadhani motokari inatembea bure. Kumbe katika moteri ya mazutu, ukiacha giya ndani na ukaachia mguu, pompi inakata mazutu yenyewe. Ni magurudumu yanayoizungusha moteri, na moteri inaizuia motokari isikimbie. Ukiondoa giya, moteri inabidi ichome mazutu ili isizimike. Kwa hiyo unatumia zaidi, na breki peke yake ndiyo inabeba tani tatu mpaka chini. Breki ikipata moto sana, unakanyaga na hakuna jibu. Ukizima moteri ni vibaya zaidi: msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito kama jiwe. Shuka na giya ndogo, ile ambayo ungeitumia kupanda kilima hicho hicho.

Cha pili ni bidoni ndani ya motokari, pamoja na watu. Esanse inatoa mvuke mzito kuliko hewa. Unalala chini, miguuni pa abiria, ukingoja sigara au cheche. Mazutu hayashiki moto upesi hivyo, lakini yakimwagika wakati wa ajali yanalisha moto. Ukilazimika kubeba akiba, tumia bidoni ya chuma yenye kifuniko cha kubana, ifungwe nyuma mbali na watu. Na ukinunua kwa wale wauzaji wa barabarani tunaowaita Kadhafi, chuja kwanza, na usisahau kutoa maji chini ya filtri ya mazutu.

Cha tatu ni kunyonya mazutu kwa mpira ili kuyahamisha. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa kijana, nikakohoa siku mbili, nikaona ni kawaida. Si kawaida. Mazutu, esanse na petroli ya taa ni vyepesi. Tone dogo likipotea njia linaingia mapafuni na kuyaunguza, na shida ya kupumua inaweza kuja saa kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha kusema amepona. Tumia pompi ya mkono, inauzwa sokoni kwa bei ndogo kuliko siku moja ya hospitali.

Hapa ninasema na akina mama hasa. Mabaki ya mafuta yasiwekwe ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese ili atapike, maana yakipanda tena ndipo yanapoingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali hapo hapo, na uende na chupa yenyewe ili daktari ajue ni kitu gani.

Ukiwa Pweto na safari imekwisha, usingoje asubuhi ya kurudi. Jioni hiyo hiyo, motokari ikiwa bado iko mahali pa tambarare, angalia mshale wa tangi, soma kilometa, andika katika daftari. Kama imetumia lita 15 kwa kila kilometa 100 wakati wa kuja, hesabu 15 hizo hizo kwa kila kilometa 100 za kurudi, kisha ongeza lita 20 za daraja lililokatika. Kama hazitoshi, nunua leo, wakati maduka yangali wazi na hakuna mtu anayekusubiri akiwa anaumwa.