Dondoo muhimu: Kabla ya kumfuga chatu Nairobi

Anayetaka kufuga chatu katika nyumba ya kupanga Kilimani au Lavington aanze na kibali, si na kizimba. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyamapori bila idhini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na chatu wa Afrika, anayeweza kupita mita 5, yumo humo. Wapo watakaosema basi aagizwe chatu wa maji wa Australia, ambaye kwa kawaida hufikia mita 2 hivi. Yeye naye huhitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na udogo wake haumfanyi mpole: hujulikana kwa kung'ata upesi, hasa akiwa mchanga. Hana sumu, ila meno yake yamepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo ukiuvuta mkono ghafla unajichana mwenyewe.

Husemwa pia kwamba aliyezaliwa kizimbani huzoea watu. Ni kweli kwa kiasi. Hujifunza kuvumilia kushikwa, si kukupenda. Akinusa panya kwenye kidole, hulenga kidole. Ndiyo maana unawe mikono kwanza, umlishe kwa koleo refu, umguse kwa ndoano kabla ya kumwinua, na umwache siku mbili baada ya kula asije akatapika. Baridi ya Julai nayo humzuia kusaga chakula: upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hivi, na stima ikipotea (itapotea tu) uwe na njia mbadala. Anayetamani kumtazama tu, bustani ya nyoka ya Museum Hill ipo tangu 1961.