Saratani ya tezi dume inapokataa sindano

Ikiwa mzee wako anatibiwa saratani ya tezi dume kwa sindano za kupunguza homoni, huenda umeona jambo hili. Mwanzoni maumivu ya mifupa hutulia na kipimo cha damu kiitwacho PSA hushuka. Kisha, baada ya miezi au miaka, PSA huanza kupanda tena ingawa hakuna sindano iliyokosekana. Wengine hudai dawa ni bandia au mzee amerogwa, nao huacha kliniki. Kwa mkaazi wa Merti au Garbatulla, anayefunga safari ndefu hadi Isiolo mjini, na pengine Meru au Nairobi, ni rahisi kukata tamaa. Yafaa basi uelewe kinachotendeka.

Kwa nini homoni?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Hukua kwa kuchochewa na testosteroni, homoni inayotoka hasa kwenye korodani. Mnamo mwaka wa 1941, Dkt Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba kuondoa korodani hupunguza nguvu za saratani hii hata ikiwa imeenea. Huggins alituzwa Nobel mwaka wa 1966. Sindano za siku hizi hufanya kazi hiyo hiyo bila kisu.

Ng'ombe hufa, ngamia hubaki

Aliyeona ukame wa Isiolo ataelewa haraka. Maji yakikauka, ng'ombe hufa mapema, ngamia hubaki. Seli za saratani ni vivyo hivyo. Kila zinapogawanyika, jeni zake huweza kupata makosa. Seli chache hupata makosa yanayoziwezesha kuishi kwa homoni kidogo mno. Sindano huzimaliza nyingine, na hizo chache huzaana.

Makosa mengi hutokea katika jeni inayotengeneza kipokezi, yaani protini inayonasa testosteroni na kuiamuru seli ikue.

Kwanza, nakala za jeni hiyo huongezeka. Seli ya kawaida ya mwanamume ina nakala moja tu, aliyoirithi kwa mama. Seli sugu yaweza kuwa na nyingi. Watafiti wa Finland walieleza haya mwaka wa 1995. Vipokezi vikizidi, homoni kidogo tu inatosha.

Pili, herufi moja ya jeni hubadilika. Hapo dawa kama flutamidi, iliyokusudiwa kukizuia kipokezi, huweza kukiamsha. Ndiyo maana PSA ya baadhi ya wagonjwa hushuka daktari anapoondoa vidonge hivyo.

Tatu, kipokezi hutengenezwa kikiwa kifupi, bila sehemu ya kunasia homoni, lakini huamuru seli ikue wakati wote.

Makosa mengine huwa katika jeni za kurekebisha DNA, kama BRCA2. Haya yaweza kurithiwa na kuwaletea mabinti saratani ya matiti. Mwambie daktari ikiwa ukoo wenu una saratani hizi.

Ufanye nini?

Usiruhusu mzee aache sindano kwa uamuzi wake. Hata saratani iliyo sugu huwa na seli zinazotegemea homoni.

Hifadhi majibu yote ya PSA kwa mfuatano wa tarehe. Daktari hutazama mwelekeo, si nambari moja. Muulize pia kama testosteroni imepimwa. Isiposhuka inavyotakiwa, tatizo huenda si usugu.

Uliza kuhusu matibabu yanayofuata, kama vile vidonge vya abirateroni au enzalutamidi, au dawa ya dosetakseli inayotiwa mshipani. Ni ghali, hivyo uliza mapema bima italipa kiasi gani.

Mgonjwa akipata maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea, au akishindwa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, kuchelewa kwaweza kumpoozesha.

Sindano ikishindwa, si mzee aliyekosea. Ugonjwa umebadilika, na matibabu nayo hubadilishwa.