Gauni la Karne ya 14 kwa Avata Wako: Anza na Mkato

Wadogo zangu mnaotengeneza nguo za avata wa Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni, na kuziuza kwa jina la Enzi za Kati, leo nina neno nanyi. Nimezipitia nyingi katika maduka ya mle, na zinazonisikitisha zina kasoro ileile: aliyezibuni ametazama filamu, hakutazama nguo. Koseti iko juu ya gauni, kitambaa kinameremeta kama satini, kamba zimepitishwa kwenye vitundu vya chuma. Vitundu vya chuma ni mambo ya karne ya 19! Mshonaji wa zamani alitoboa tundu, akalizungushia uzi.

Kwanza, chagueni mahali na karne, maana Enzi za Kati ni karibu miaka elfu moja. Mimi ningewaanzisha Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, katika karne ya 14. Mwaka 1921 Poul Nørlund kutoka Denmark alichimba makaburi ya Wanordiki waliowahi kuishi huko, akakuta baadhi ya maiti zimezikwa ndani ya nguo badala ya jeneza. Baridi ya ardhi ilizitunza: magauni ya sufu, soksi, na kofia za kufunika hadi mabegani, nyingine zikiwa na mkia mrefu kisogoni. Leo zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark. Ni nguo za watu wa kawaida, si za malkia, na mishono yake inaonekana. Mchoro wa kitabuni hauwezi kukupa hilo.

Sasa tazama mkato wa magauni hayo. Kitambaa kilifumwa kwa mkono, kwa jasho, hivyo hakikukatwa ovyo. Vipande vya mbele na nyuma vinashuka kutoka begani bila mshono wa kiunoni, kisha vinaongezwa vipande vya pembetatu, mbele, nyuma na ubavuni, mpaka pindo linakuwa pana. Upana wote wa chini unatoka kwenye hizo pembetatu. Kwa hiyo mikunjo huanzia kwenye ncha zake na kunenepa kadiri inavyoshuka. Ukichora mikunjo inayoanzia kiunoni pande zote, umeshona sketi ya rinda, hujashona gauni hili.

Mkijua mkato, kazi ya kompyuta inakuwa nyepesi. Mkifika kwenye ramani ya UV (uso wa gauni uliotandazwa bapa ili upakwe picha) ndani ya Blender, programu ya kuundia maumbo, litandazeni gauni kama fundi alivyovikata vipande vyake: mbele peke yake, nyuma peke yake, kila pembetatu peke yake. Nyuzi za sufu zitaelekea zinakostahili. Na ule mstari wa muungano ambao wabunifu wengi huhangaika kuuficha, ninyi mtachora uzi juu yake, kwa sababu pale pana mshono kweli. Napenda sana hatua hii. Ndipo gauni linapoanza kuaminika. Picha ya kitambaa ya pikseli 1024 kwa 1024 inatosha kuonyesha ufumaji, msijaze picha kubwa zinazochelewesha kompyuta za wenzenu.

Kuhusu rangi, ulizeni mimea ya Ulaya ya wakati huo: nyekundu ya mizizi ya madder, buluu ya majani ya woad, njano ya weld. Sufu haing'ai, basi punguzeni mng'ao kabisa. Shingoni pachungulie ukingo wa shati la ndani la kitani kisichotiwa rangi.

Kuna jambo moja linalowaangusha hata wenye mkono mzuri. Gauni refu likifungwa kwenye mifupa ya miguu ya avata, kila upande ukifuata mguu wake, akitembea linapasuka katikati kama suruali. Gawanyeni uzito wa katikati, yaani kiasi ambacho kitambaa kinaufuata kila mfupa, kati ya miguu yote miwili na nyonga, na ule wa nyonga upungue taratibu kuelekea pindoni. Kisha mjaribuni avata akitembea, akipanda ngazi, akiketi chini. Kuketi ndiko kunakofichua makosa, na mnunuzi wenu ataketi siku ya kwanza.