Maswali na Majibu: Siku Nzima Garimoshini, Brussels hadi Copenhagen

Barua zinazonijia kutoka Katogota, Luvungi na Sange, pamoja na zile za vijana wetu waliotawanyika huko Ulaya, zimezidi kuulizia jambo moja, nalo ni safari ya garimoshi ya siku nzima baina ya nchi na nchi. Nimechagua zilizonikera na zilizonitia wasiwasi. Namna ya kukata tiketi au kutafuta kiti sitaieleza, kwani aliyekwisha kupata nafasi juu ya lori la mihogo kutoka Kamanyola hadi Uvira hawezi kushindwa na kiti chenye namba. Mfano wangu ni njia ya Brussels hadi Copenhagen kwa kupitia Köln na Hamburg, ambayo mtu akiishika alfajiri huimaliza jioni, Mungu akipenda na garimoshi zisipochelewa.

Je, ni kweli kwamba Ulaya haina mipaka, na mwenye tiketi hupita popote? (Barua nyingi za namna hii nimezijibu kwa pamoja.)

Si kweli, na uzushi huu umewaponza vijana wetu kuliko baridi ya huko. Asili yake ni mkataba uliotiwa saini tarehe 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg, ukaanza kutumika tarehe 26 Machi 1995. Nao uliondoa desturi ya kumkagua kila msafiri mpakani, walakini haukuondoa mpaka wenyewe wala sheria ya nchi yoyote. Sisi wa bonde la Ruzizi tumezoea mpaka unaoonekana kwa macho: unashuka garini, unatoa karatasi, unagongewa muhuri, unavuka daraja na mzigo wako, na ng'ambo ya pili unaulizwa yale yale kana kwamba hukuulizwa. Basi kijana aliyelelewa hivyo, akipita Aachen garimoshi likikimbia, asione kizuizi wala askari wala wabadilisha fedha, hudhani kwamba pale pasipo kizuizi hapana sheria, naye hulala usingizi ilhali ameingia Ujerumani bila ruhusa.

Sheria ni hii. Mwenye viza ya Schengen iliyo hai, au mwenye kadi ya ukaazi ya nchi mojawapo ya Schengen pamoja na pasipoti yake au kitabu cha safari cha mkimbizi, huruhusiwa kuzuru nchi nyingine za mkataba huo kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Nimesema kuzuru, sikusema kuhamia, wala kuajiriwa. Nimesema pia kadi pamoja na pasipoti, maana wako wanaoiacha pasipoti sandukuni kwa hofu ya kuipoteza, wakasafiri na kadi peke yake. Ama aliyeomba hifadhi na shauri lake halijakatwa, huyo hana ruhusa ya kutoka katika nchi aliyomo, hata akiwa na tiketi ya daraja la kwanza. Na akidhani kwamba Denmark itampokea upya kama mgeni asiyejulikana, ajue kwamba alama za vidole alizoziacha Brussels husomwa Copenhagen, na aghalabu atarudishwa kule kule alikotoka.

Fauka ya hayo, ukaguzi wenyewe umerudi. Denmark iliurejesha katika mpaka wake na Ujerumani mwezi wa Januari 2016, na Ujerumani ikaueneza katika mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Garimoshi husimama Padborg, stesheni ya kwanza ya Denmark, askari huweza kuingia behewa baada ya behewa, na asiyekuwa na karatasi hushushwa pale pale na masanduku yake, tiketi mkononi.

Komisioneri mmoja wa Uvira ananiuzia tiketi ya garimoshi ambayo, asema, ndani yake mna viza.

Ni mwizi. Usimlipe.

Mwanangu alinipigia simu akitetemeka: garimoshi limegeuka, linazunguka juu ya mapaa ya nyumba, na limerudi lilikotoka. Je, wamemteka?

Mama, mwanao yu salama; alikuwa Rendsburg, kaskazini mwa Ujerumani. Hapo pana mfereji mkubwa wa meli, na daraja lake, lililojengwa baina ya 1911 na 1913, liko juu ya maji kwa kiasi cha mita 42 ili milingoti ipite chini yake. Stesheni ya mji iko karibu na ukingo, chini kabisa; na kwa kuwa garimoshi haliwezi kuteremka mteremko mkali, wahandisi waliizungusha reli duara zima juu ya mtaa, hata garimoshi hupita chini ya njia ile ile liliyoijia. Aliyeketi dirishani huona bustani za watu na nguo zilizoanikwa zikimzunguka polepole. Mwambie safari nyingine atazame badala ya kulia.

Kwa nini tushushwe Köln, tushushwe tena Hamburg? Hawana garimoshi moja?

Shida kubwa ni umeme. Reli nyingi za Ubelgiji hutumia volti 3,000, za Ujerumani 15,000, na za Denmark 25,000. Ishara za njiani nazo huhitilafiana, na injini inayoweza kuzifahamu zote ni ghali. Hata hivyo wao wana nafuu, maadam upana wa reli zao katika nchi hizo tatu ni mmoja, milimita 1,435. Kwa jirani zetu Tanzania, reli ya kati inayofika Kigoma ina milimita 1,000 na TAZARA 1,067, na mizigo ya huku kwenda huku shurti ihamishwe.

Nikichelewa Köln, tiketi yangu ya Hamburg imekufa?

Inategemea ulivyoinunua. Ikiwa safari nzima imo katika tiketi moja, wenye reli ndio wenye wajibu wa kukufikisha. Na kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya, ukichelewa kufika kwa dakika 60 au zaidi unaweza kudai robo ya nauli, na zikitimia 120, nusu yake, isipokuwa sababu ni jambo lililo nje ya uwezo wao, kama tufani kubwa. Ikiwa ulinunua vipande vipande kwa kufuata bei rahisi, hasara ni yako. Wala usidhani kwamba Mzungu hachelewi: mwaka 2024, garimoshi za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati hazikutimia theluthi mbili.

Mjomba asema garimoshi huingia ndani ya meli.

Liliingia, baina ya Puttgarden na Rødby, hadi Desemba 2019. Sasa huzunguka kwa nchi kavu, na mlango wa bahari ulio mbele hupitwa kwa daraja na tundu la chini ya maji.

Naweza kubeba ndagala?

Ndiyo. Zifunge sana, madirisha hayafunguki.

Papa mmoja wa Kiliba auliza: na sisi, reli itafika Uvira lini?

Mzee wangu, garimoshi lilikwisha kupita katika bonde hili enzi ya Wabelgiji, kutoka Kalundu hadi Kamanyola, likaondolewa kabla ya uhuru. Ama hii mpya inayozungumzwa, Tanzania na Burundi zilitia saini Januari 2025 mkataba wa kujenga kutoka Uvinza hadi Musongati. Uvira na Kindu zimo katika mipango ya baadaye, na mipango haina mataruma. Anayekuuzia leo kiwanja cha karibu na stesheni, mpe bei ya kiwanja cha kawaida, na kwanza umwombe hati.